Vinyonga wa Sakafu ya Saruji

Mama Hadija alizikwa Jumatano, Newala, na mimi nilifika kutoka Masasi wakati wanaume wameshatoka na jeneza. Nikaingia uani kwa wanawake, nikapewa mkeka, kisu na rundo la vitunguu lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Vitunguu vile vilimliza kila mtu. Vilimliza hata fundi aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli yake, hakumjua marehemu, akashuka akafuta macho. Mimi peke yangu nilikata mpaka kisu kikawa butu na macho yangu yakabaki makavu kama Newala mwezi wa kumi. Nyuma yangu nikasikia, "Huyu si ndiye aliyeishi na marehemu? Mbona mkavu hivi?" Na mwenzake akajibu, "Ndivyo walivyo watu wa Masasi, machozi wanaacha nyumbani wasije wakayapoteza njiani." Sikukasirika. Nimeyasikia maneno ya namna hiyo tangu nina miaka ishirini na mbili, na walioyasema mwanzo walikuwa na sababu nzuri kuliko hawa.

Nyuma ya ile nyumba, karibu na jiko, kuna sakafu ya saruji isiyokuwa na nyumba juu yake. Ni ndefu kama hatua kumi na tano, imepasukapasuka kwa uzee, na kwenye pembe moja kuna tundu lenye ukubwa wa mlango, saruji imevunjwa na udongo mwekundu umeachwa wazi. Siku ya msiba mikeka ilipangwa kulikwepa. Mkwe mmoja kijana akauliza kwa nini halizibwi, watu watavunjika miguu. Hadija, aliyekuwa amekaa na sinia la mchele mapajani, akamwambia, "Mama alikataa. Alisema atakayeliziba atamzalisha yeye mwenyewe." Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa khanga, kwa sababu marehemu alikuwa mkunga na tishio lake lilijulikana. Hadija akanitazama mimi. Tundu lile tunalijua watu wawili sasa. Zamani tulikuwa watatu.

Ulikuwa mwaka wa ruksa, serikali ilipoachia kila mtu anunue na auze. Vijana wa leo ukiwaambia hivyo hawaelewi, kwao ruksa ni hewa. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye foleni ya sabuni, na ghafla duka moja la Newala likawa na sabuni za aina saba, nyingine zina harufu nzuri hata mtu akaona haya kufulia nguo. Korosho zilinunuliwa na kila mwenye mizani. Mitumba ilimwagwa sokoni, wazee wakatembea na makoti ya theluji kwenye jua la kupasua mawe. Na watu wakaanza kuja kutafuta vitu ambavyo hakuna aliyejua vinatafutwa. Mmoja wao alikuwa Bwana Chitanda wa Masasi, mwenye lori na kofia ya pama, mtu ambaye, kama kivuli kingeweza kufungwa kwenye gunia, angekisafirisha. Yeye alitaka vinyonga walio hai. Kulikuwa na tajiri Dar es Salaam anayewapeleka nje, na kule nje, alivyoapa Bwana Chitanda, mtu anamweka kinyonga sebuleni anamtazama kama sisi tunavyotazama harusi.

Akakodi ua wa Mama Hadija, akajenga kizimba cha mianzi na nyavu, akakijaza matawi, na kwa kuwa saruji sasa ilipatikana bila kibali cha mtu, akamwaga sakafu. Ilikuwa sakafu ya kwanza ya saruji katika mtaa ule mzima. Nyumba ya Mama Hadija yenyewe ilikuwa ya udongo, Mama Hadija mwenyewe alilala juu ya udongo, lakini vinyonga walipata saruji iliyosuguliwa mpaka ukaona meno yako. "Usafi," alisema Bwana Chitanda. "Mzungu akija akute usafi." Kilichobaki ni mtu wa kuwahudumia, na hapo ndipo ruksa ilipogonga ukuta. Kwenye uwanda ule, toka Newala mpaka ukateremke Masasi, ungempata mtu wa kushika nyoka, ungempata wa kushika moto, lakini wa kushika kinyonga kwa mkono mtupu hukumpata.

Akanipata mimi. Nilikuwa nimekuja kutoka kijiji cha Chiungutwa, upande wa Masasi, na furushi moja. Mtoto wangu wa kwanza, Shaibu, alifariki kwa homa akiwa na miezi saba, kwenye chumba chenye dirisha moja nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa mbali kwenye kazi za korosho. Nilikaa arobaini yote ndani ya chumba kile kile, na ilipokwisha nikaondoka. Sikulia siku aliyofariki, wala siku ya tatu, wala ya arobaini, na watu wa kwetu waliona, wakasema nina moyo wa jiwe. Halikuwa jiwe. Jiwe lina uzito. Mimi nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa unaona ni wa mtu mwingine. Mtu mwenye ganzi hafai kwa mambo mengi, lakini kwa kushika vinyonga hana mpinzani. Bwana Chitanda akaniwekea mmoja mkononi kunijaribu, naye kinyonga akanipanda taratibu mpaka begani, vidole viwili mbele na vitatu nyuma kama koleo la mhunzi, mkia umejifunga kwenye kidole changu cha shahada, jicho moja linanitazama mimi na jingine linamtazama Bwana Chitanda. Sikusikia kitu. Umati uliokuwa ukichungulia ulikimbia hata ukaacha viatu, na mimi hata leo nina hakika pea moja ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi.

Basi nikahamia chumba cha nyuma, mkabala na kizimba. Kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na ukuta ambao kwa upande wa pili wake wanawake walipanga ndoo zao kungoja maji. Maji ya Newala yalipanda kutoka bondeni yakiwa na maringo, siku yakija siku yasije, na foleni ile ilikuwa na muda mwingi wa kuzungumza. Nikiwa nimelala naangalia dari nilisikia habari zangu zote. "Wanapelekwa wapi?" "Ulaya, kutengenezewa dawa ya kubadili sura." "Nani kakudanganya? Wanatiwa ndani ya televisheni. Zile za rangi, za Unguja. Wewe unadhani rangi inatoka wapi?" Kisha bibi mmoja akasema, "Ndiyo maana sinema ya gari la serikali haina rangi. Vinyonga wake wamekufa." Siku nyingine ningeangua kicheko. Mwaka ule nilisikia tu, nikajua ni jambo la kuchekesha, kama unavyojua chakula ni kitamu kwa kuwatazama wanaokila.

Jioni, kazi ikiisha, nilikwenda masomo ya watu wazima kwenye darasa la shule ya msingi. Tulikuwa askari mmoja, mhudumu wa zahanati, makarani wawili wa korosho na mimi, tumekalia madawati ya watoto, magoti yametufika masikioni. Mwalimu Nambunga alifundisha watoto asubuhi na sisi jioni, alikuwa na suruali moja na elimu ya watu elfu. Alipojua ninaishi na vinyonga alifurahi kupita kiasi. Wanafunzi wengine walilazimika kujifunza baiolojia kwa mchoro wa panzi, alisema, na sisi tunaye mwalimu aliye hai. Kila jioni aliuliza maswali, na mimi kujibu ilinibidi niangalie. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwaangalia.

Niliona kwamba asubuhi wanakuwa weusi kama makaa, wamegeuza ubavu mmoja juani kunywa joto, na ikifika saa nne wamekuwa kijani cha kisamvu. Wakilala wanapauka kama karatasi. Watu waliamini kinyonga anafuata rangi ya anapokaa, na Mwalimu akaniambia nijaribu. Nikamweka mmoja juu ya khanga nyekundu ya Mama Hadija, majirani wamejipanga ukutani. Tukangoja. Kinyonga akawa na madoa ya hasira, akavimba, akafungua kinywa cha rangi ya embe bivu akatufokea, "hhhhh", lakini wekundu wa khanga hakuuchukua hata chembe. "Hajui kusoma huyu," akasema Mama Hadija, "ngoja amalize lile neno la pindoni." Jioni darasani Mwalimu akatueleza kwamba rangi yake ni hali yake, baridi, hofu, hasira, ujauzito. Hajifichi. Anasema. Nikamjibu kwamba basi mimi na yeye hatufanani, na darasa zima likacheka, ingawa sikuwa nimetania.

Niliona pia kwamba hawapendani. Wakionana tu wanavimba, wanajipanua ubavu, wanatikisika. Nikatundika vipande vya khanga kuukuu kati ya tawi na tawi ili asimwone mwenzake. "Kama wake wenza," alisema Mama Hadija akinisaidia kufunga mafundo, "pazia likiwepo nyumba ina amani." Na maji hawakunywa bakulini. Wiki nzima niliwawekea mabakuli, wakayatazama kama tume ya serikali inavyotazama daraja bovu, jicho huku jicho kule, wakaondoka. Mwalimu akasema wanakunywa umande. Nikachovya mfagio wa chelewa nikawa nawanyunyizia majani, nao wakalamba tone kwa tone, saa nzima kwa kikombe kimoja. Panzi niliwakamata mwenyewe kwenye mashamba ya muhogo, na ulimi wa kinyonga unavyomfuata panzi sitaueleza, kwa kuwa sijawahi kuuona. Nilimwona panzi yupo, kisha nikaona hayupo.

Mama Hadija alikuwa na miaka kama hamsini wakati ule. Alikuwa amezalisha nusu ya Newala, na nusu nyingine alikuwa shangazi yao. Kila mchana tulikula pamoja barazani, ugali wa muhogo na mbaazi, au ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha ikiwa imepatikana. Mimi nilikula matonge mawili. Aliona, hakuuliza. Hadija, binti yake, alikuwa amerudi kwa mama kujifungua mimba ya kwanza, tumbo limeshamtangulia, na alikataa kukaa upande unaoelekea kizimba. "Mama, hao wadudu wananiangalia." "Wana macho mawili kama wewe." "Langu haligeuki nyuma, mama!" Mama Hadija alitania lakini hakuwa ametulia. Aliwapokea wale vinyonga kwa sharti moja, kwamba asiachwe hata mmoja atembee chini, na sharti lenyewe lilikuwa la watu wote wa kule. Kinyonga akiwa mtini ni mdudu kama wadudu wengine. Akishuka chini ni tarishi, na tarishi hatembei bure, ana mlango anaokwenda na habari aliyoibeba si nzuri. Wengine wakimwona chini humtia ugoro mdomoni mpaka afe. Waungwana hawafanyi hivyo. Muungwana huchukua kijiti chenye panda, humnyanyua bila kumgusa, humrudisha tawini na kumwambia, "Rudi, huku hawajambo."

Kijiti chetu kilining'inia kwenye msumari wa mlango wa kizimba. Na hapo ndipo tulipokosea, kwa adabu zetu zote. Wale vinyonga wakubwa walioletwa mwanzoni, walionona kupita wenzao, walianza kushuka. Walikataa panzi. Walizunguka sakafuni siku nzima wakikwaruza saruji ya Bwana Chitanda kwa kucha, kwenye pembe, kando ya mianzi, kwaru kwaru, mpaka vidole vikatoa damu. Mimi na Mama Hadija tulipokezana. Rudi, huku hawajambo. Mmoja nilimrudisha mara mia kwa siku moja, na nikisema mia wewe hesabu thelathini, ni nyingi bado. Alipanda, akageuka, akashuka. Siku ya tano au ya sita aliacha kushuka. Akawa mweusi, macho yakazama kichwani, asubuhi nikamkuta ananing'inia kwa mkia tu. Wakafuatana hivyo hivyo hata lori lilipokuja hakukuwa na hata mmoja wa wale wakubwa.

Bwana Chitanda alivua kofia akajipepea. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Binti Somoe," akaniambia, "tajiri anataka hao wanono, na hao ndio wanaokufa. Nakuletea wengine. Wakifa na hawa, kizimba nafunga, na wewe utapanda lori hili hili, tutakushusha Chiungutwa. Nasikia una kwenu kule." Nikasema sawa. Lakini usiku wa siku ile ndipo nilipogundua kwamba ganzi yangu ilikuwa na mpaka. Niliweza kufikiria njaa, niliweza kufikiria kufa, bila kusikia kitu. Kile chumba chenye dirisha moja sikuweza kukifikiria. Kila nilipofika mlangoni pake mwili mzima ulikataa, kama punda kwenye daraja. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, wala mume, wala cheti cha Mwalimu Nambunga. Nilitaka tu nisirudishwe mle ndani.

Wengine wakaletwa. Walioleta walikuwa watu waliomwogopa Mungu lakini wakamwogopa zaidi mwenye duka anayewadai, wakawabeba vinyonga kwenye matenga na vijiti virefu, wanatembea wamegeuza nyuso. Mmoja wao, mzee wa baiskeli, alikuwa ametoka Chiungutwa. Akaninyooshea tenga, akanitazama vizuri, akasema kwa furaha kabisa, "Alaa! Mama Shaibu! Hujambo mama? Kumbe uko huku?" Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, akaondoka. Mama Hadija alikuwa anapepeta mtama nyuma yangu. Ungo ulinyamaza. Miezi yote ile alikuwa ananiita binti, na hakuwa amesikia sauti ya mtoto chumbani kwangu. Hakuuliza Shaibu ni nani. Ungo ukaanza tena.

Katika hao wapya alikuwepo mmoja mkubwa kuliko wote, kijani kilichokolea, mwenye mikunjo ya ngozi shingoni kama kola ya koti. Kwa vile alitembea polepole, akayumba hatua moja mbele nusu nyuma, na hakuna alichoamua, tulimwita Mwenyekiti. Wa pili wake kwa ukubwa alianza kushuka kabla hajamaliza wiki. Nikajua yanayokuja. Nikamnyanyua na kijiti, nikamnyanyua, nikamnyanyua, na alipokufa sikumtupa. Nilimfunga kwenye jani la mgomba nikampeleka darasani.

Mwalimu Nambunga alimlaza juu ya dawati, akatoa wembe. Askari alikuwa wa kwanza kutoka, alitokea dirishani ingawa mlango ulikuwa wazi. Mwalimu akatuonyesha kisigino kwanza. "Dume ana kinundu kigumu hapa, kama kikucha. Huyu hana. Jike." Kisha akapasua tumbo. Hakukuwa na tumbo. Kulikuwa na mayai, meupe, marefu kidogo kama maharage, yamepangwa safu juu ya safu mpaka yamesukuma mapafu pembeni. Tukayatoa moja moja. Yalikuwa arobaini na moja, na hapo sitii chumvi, maana niliyahesabu mara tatu kwa kutokuamini. Mwalimu akafuta wembe kwa suruali yake moja. "Kinyonga anaishi juu," akasema, "lakini hatagi juu. Anashuka, anachimba udongo wenye unyevu, anataga mle, anafukia, anaondoka. Asipopata udongo anayazuia. Akiyazuia sana yanamuua." Akanitazama. "Kizimba chenu kina sakafu ya nini?"

Niliyabeba yale mayai kwenye mkebe wa maziwa mpaka nyumbani. Mama Hadija alikuwa barazani anachambua mbaazi, jua linazama. Nikamwekea mkebe mbele yake, nikamweleza neno kwa neno kama nilivyoelezwa. Alichukua yai moja akaliweka kiganjani. Nikamaliza kwa kusema kinachotakiwa: tuvunje sakafu kwenye pembe, udongo uloweshwe kila siku, na akishuka asinyanyuliwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "nivunje sakafu ya mtu. Nimwage chini maji ya kunywa, Newala hii, na mgawo wa maji huu. Kisha nimwachie tarishi atembee mbele ya mlango wa mwanangu mwenye mimba ya miezi minane. Kuna kingine, au nikuletee na chai?" Ndani, Hadija akasema kwa sauti, "Mama, usithubutu!" Mama Hadija akaligeuza lile yai, akaligeuza tena. Kisha akasema, si kwangu, kama anamweleza mtu mwingine. "Miaka thelathini nazalisha. Mwanamke akishikwa na uchungu anatafuta mahali. Anashika ukuta, anashuka kitandani, anatafuta chini. Hata mjinga anajua usimzuie." Akarudisha yai mkebeni. "Na mimi na kijiti. Rudi, huku hawajambo."

Alfajiri niliamshwa na mtaimbo. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, anaivunja saruji ya Bwana Chitanda, na wanawake wa foleni ya maji wamepanda juu ya ndoo zao kuchungulia. "Mama Hadija, unatafuta hazina?" "Natafuta udongo!" "Udongo si huu hapa nje, bure kabisa?" "Huo wenu. Nataka huu niliofunikiwa." Tulichimba mpaka gotini, tukaulegeza, tukamwaga ndoo ya kwanza. Udongo mwekundu uliimeza kwa mkupuo mmoja, na foleni nzima ikatoa sauti kama watu waliomwona mtu akichoma noti. Siku zilizofuata tulioga kwa kitambaa, tukaosha vyombo kwa maji ya kunawia, na maji ya kuoshea vyombo ndiyo yaliyokwenda kwenye tundu baada ya kutua.

Mwenyekiti alishuka siku ya nne, saa tatu asubuhi. Alikuwa na madoa ya njano ubavuni, rangi ambayo sasa niliweza kuisoma. Alipita sakafuni kwa mwendo wake wa kuyumba, na mlango wa kizimba ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa naingiza maji, akautazama kwa jicho moja. Ng'ambo ya mlango ule, hatua kumi, Hadija alikuwa amekaa kizingitini amekumbatia tumbo. Alipomwona akasimama, hakupiga kelele, sauti ilimtoka ndogo. "Mama. Mrudishe." Mama Hadija alikuwa na kijiti mkononi. Alikuwa amekichukua bila kujua, ndivyo mikono ilivyozoea. Kinyonga alisimama katikati ya njia mbili, mguu mmoja hewani, anayumba. "Mama!" "Mwache," akasema Mama Hadija. Uso wake ulikuwa umepauka, naye ndiye aliyekuwa anaogopa, mimi nilikuwa sijui kuogopa ni nini. "Mwache. Hana habari ya mtu. Ana haja zake." Na akakivunja kile kijiti gotini, vipande viwili, akavitia jikoni.

Mwenyekiti akageukia pembeni. Alianza kuchimba kwa mikono, kisha kwa kichwa, akatupa udongo nyuma kwa miguu, akapotea mpaka kiunoni, mpaka mkia. Sisi watatu tulikaa kwenye saruji tukamtazama. Hadija alisogea kwanza hatua mbili, kisha tatu, na ilipofika adhuhuri alikuwa amekaa kati yetu anatoa ushauri. "Mbona anapumzika?" "Wewe utapumzika, yeye asipumzike?" Alasiri akageuka ndani ya shimo, akatoa kichwa tu nje, na akatulia hivyo, ametumbua macho kila moja upande wake, shingo inapanda na kushuka. Mama Hadija akawa anahema naye bila kujua. Ndipo akaniuliza, macho yake shimoni, "Shaibu alikuwa na muda gani?" "Miezi saba." "Homa?" "Homa." "Ulimfukia nani?" "Wanaume walimfukia. Mimi nilikuwa ndani." Akatikisa kichwa, hakusema pole. Jua lilipoanza kulegea Mwenyekiti akatoka, ngozi ya tumbo imening'inia kama mfuko uliomwagwa unga. Akafukia. Alishindilia udongo kwa miguu ya nyuma, kwa uangalifu mwingi, akarudia, akasawazisha, mpaka ukitazama huoni kama palichimbwa. Kisha akapanda tawini na hakugeuka. "Ameondoka tu?" akasema Hadija, kama mtu aliyeibiwa. "Hata kuangalia?" Mimi nikamnyunyizia majani. Akanywa. Tone, tone, tone, macho amefumba, rangi inamrudia polepole kuanzia shingoni. Sijawahi kumwona mtu aliyechoka namna ile, na nikaona kwamba hakuwa na moyo wa jiwe, alikuwa amefanya yote yaliyokuwepo kufanywa.

Hadija alijifungua wiki tatu baadaye mikononi mwa mama yake, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuita watu kutoka Lisekese, kule Masasi. Na Bwana Chitanda alipokuja aliwakuta majike wote wako hai, wamekonda, na sakafu yake ina tundu. Alilitazama tundu muda mrefu kuliko alivyowatazama wanyama. "Nani kavunja?" "Mimi," akasema Mama Hadija. "Saruji yako ilikuwa inaua. Na ardhi ni yangu." Mtu mwenye kofia ya pama hana la kumjibu mkunga. Aliniambia nipande lori niwahudumie vinyonga mpaka Masasi, nitarudi kesho yake na basi. Ila kulikuwa na mzigo wa kushusha Chiungutwa.

Hivyo nilifika kwenye chumba kile, mchana kweupe, kwa muda wa kushusha magunia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akasogea nipite. Kilikuwa kimewekwa korosho mpaka nusu ya ukuta. Dirisha lilikuwa dogo kuliko nilivyolibeba kichwani miezi yote ile, nilikuwa nimelikuza mara kumi. Niliweka kiganja ukutani pale alipokuwa analala. Ukuta ulikuwa baridi. Ni hilo tu nililosikia, ubaridi, lakini nililisikia. Mama mkwe akauliza nyuma yangu, "Umekuja kukaa, Mama Shaibu?" Nikasema, "Nimepita, mama. Kuna wanyama garini, na jua ni kali." Akanishika bega. Nilijiandaa kwa maneno. "Basi pita vizuri," akasema.

Masasi nilikabidhi vinyonga, nikanawa mikono, nikaenda sokoni kutafuta cha kula. Nikainama kuchagua nyanya, na nilipoinuka nilikuwa nalia. Sikulia vizuri, nililia kama bomba la Newala linaporudisha maji, kwanza kikohozi, kisha kutu, kisha yote. Nililowesha nyanya, nikalowesha gunia zilipopangwa, watu wakaacha biashara zao. Muuza nyanya, mwanamke wa umri wangu mwenye mtoto mgongoni, aliogopa kweli. Alitazama nyanya, akanitazama mimi, akashika mkono wangu akaujaza nyanya.

"Dada, usilie hivyo," akasema. "Kama ni bei, si ungesema tu?"